Vyuma vya Kinga na Vikanyagio vya Mbele katika Pikipiki ya Safari

Na mwanafunzi wa Kidato cha Sita

Katika nchi yetu ya Uganda pikipiki imekuwa chombo cha kila mtu. Jina la bodaboda lenyewe lilizaliwa huko Busia, ambako wenye baiskeli walikuwa wakipakia watu kati ya kituo cha Uganda na kituo cha Kenya, huku wakiita "boda, boda," yaani mpakani, mpakani. Baadaye baiskeli zikaiachia pikipiki nafasi, na leo mwalimu, mkulima, mgonjwa na gunia la mahindi wote husafiri juu ya magurudumu mawili.

Lakini, ndugu msomaji, iko pikipiki ya namna nyingine, ambayo haikuundwa kwa kupakia abiria mjini bali kwa safari ndefu. Tangi lake ni kubwa, kiti chake ni kipana, na injini yake ina nguvu ya kumchukua mtu na mizigo yake siku nzima bila kuchoka. Baadhi ya wanafunzi wa zamani wa shule hii wanazo, na muhula uliopita mmoja wao aliileta yake katika karakana ya shule. Ilikuwa Suzuki V-Strom ya cc 650, na bwana huyo alikuwa akijiandaa kuiendesha kutoka Kampala mpaka Mombasa, mwendo wa zaidi ya kilometa 1,100. Alikuwa amenunua vyuma vya kuikinga injini, pamoja na jozi ya vikanyagio vya kuwekea miguu mbele, akataka vifungwe. Mwalimu wetu wa ufundi alituita wanafunzi wanne tuifanye kazi hiyo chini ya macho yake. Mhariri ameniomba niieleze, kwa kuwa wengi wanaona vyuma hivi kila siku barabarani, lakini si wengi wanaojua vinafanya nini na visichoweza kufanya.

Kwanza nieleze vitu vyenyewe. Vyuma vya kinga, ambavyo mafundi wengi huviita gadi, ni mabomba ya chuma yaliyopindwa yakazunguka ubavu wa injini, moja kulia na moja kushoto, na mara nyingi huunganishwa mbele kwa kipande cha katikati. Unene wa bomba huwa karibu milimita 25, au zaidi kidogo kwa pikipiki nzito. Vikanyagio vya mbele ni vipande viwili vifupi vya chuma vyenye mpira juu, vinavyobanwa juu ya hayo mabomba ya kinga, ili mwendeshaji aweze kunyosha miguu yake mbele badala ya kuikunja chini yake saa zote. Waamerika, ambao barabara zao ni ndefu na zimenyoka, ndio waliovizoea sana, na katika pikipiki zao kubwa kama Harley-Davidson na Honda Gold Wing utaviona mara nyingi.

Sasa tujiulize: kinga hii inakinga nini? Ukiitazama injini ya pikipiki ubavuni, utaona vifuniko viwili vya mviringo. Katika pikipiki nyingi cha kulia hufunika klachi, na cha kushoto hufunika mtambo wa kutengeneza umeme. Vifuniko hivi vimesubiwa kwa alumini, na unene wake ni milimita chache tu. Alumini iliyosubiwa ni nyepesi na haishiki kutu, lakini ina tabia moja mbaya: ikipigwa na jiwe lenye ncha haipindi, bali hupasuka. Pikipiki hii ina uzito wa zaidi ya kilo 200. Si lazima iwe katika mwendo. Hata ikianguka ikiwa imesimama, kwa kuwa mwenyewe amekanyaga tope akateleza, uzito wote huo hushuka juu ya kifuniko kimoja. Kikipasuka, oili humwagika, na injini isiyo na oili haiwezi kwenda hata mwendo mdogo bila kuharibika kabisa. Mbele ya injini, nyuma ya gurudumu, kuna chujio la oili na rejeta ya maji, ambavyo navyo vinatazama mawe yanayorushwa na gurudumu la mbele.

Basi hiyo ndiyo kazi ya kinga. Pikipiki ikianguka, bomba hutangulia kugusa ardhi, na kifuniko kinabaki sentimita kadhaa juu ya mawe. Mwenye pikipiki huinua chombo chake, hupangusa vumbi, akaendelea na safari. Ukianguka mjini Kampala huenda hilo si jambo kubwa, kwa maana fundi yuko karibu. Ukianguka mahali ambapo mji wa karibu uko kilometa 80 mbele na jua linatua, bomba la shilingi chache ndilo linaloamua kama utalala kitandani au porini.

Lakini watu wengi hudhani ya kuwa vyuma hivi huwekwa kwa ajili ya kuilinda miguu. Hata mgeni wetu alikuwa na mawazo hayo. Tulipomaliza upande wa kwanza alimwuliza mwalimu, "Sasa, Mwalimu, miguu yangu i salama?" Mwalimu akamjibu, "Injini yako ndiyo iliyo salama zaidi kuliko jana. Miguu yako italindwa na macho yako na mwendo wako." Sote tulicheka, lakini yeye hakuwa akifanya mzaha.

Jambo hili limechunguzwa na wataalamu. Katika miaka ya 1976 na 1977 kundi la wachunguzi wa Chuo Kikuu cha Southern California, likiongozwa na Profesa Harry Hurt, lilifika mahali penyewe palipotokea ajali 900 za pikipiki katika eneo la Los Angeles, likapima alama za barabarani, likatazama pikipiki na kuhesabu majeraha. Taarifa yao ilitolewa mwaka 1981. Kuhusu vyuma vya kinga waliona ya kuwa havipunguzi hesabu ya majeraha. Waliokuwa na vyuma waliumia kidogo zaidi katika kifundo cha mguu na wayo, lakini waliumia zaidi katika muundi, goti na paja. Faida ya chini ililiwa na hasara ya juu.

Sababu yake si ngumu kufahamu. Pikipiki inapoanguka yenyewe, polepole, bomba huiweka juu kidogo na wayo hupata nafasi ya kupumua. Lakini motokaa inapoigonga pikipiki kwa mbele au kwa ubavu, mwili wa mwendeshaji hauketi kimya nyuma ya bomba ukingojea kukingwa. Pikipiki husimama ghafula, na mwili huendelea kwenda mbele, na goti au muundi huenda kulipiga lile lile bomba. Tena bomba lenyewe laweza kupinda kuelekea nyuma. Jirani yetu mmoja nyumbani, mwendesha bodaboda, aligongwa ubavuni na motokaa ndogo katika njia panda. Kinga yake, iliyochomelewa kwa nondo, ilirudi nyuma ikaubana mguu wake juu ya injini, na watu wakatumia mtaimbo kuutoa. Injini ilikuwa nzima kabisa. Mguu ulikaa katika plasta miezi minne, na katika miezi hiyo watoto wake walitolewa shuleni. Sisemi kwamba bila kinga asingeumia. Huenda angeumia vingine. Nasema tu kwamba mtu asiongeze mwendo kwa kuwa ana chuma mbele ya mguu.

Baada ya kujua hayo, tuje kwenye kazi ya kufunga.

Siri ya kwanza ya kinga nzuri iko mahali inapofungwa. Bomba linalotokeza nje ni wenzo, kama ule tuliojifunza katika fizikia. Tuseme ncha ya bomba iko sentimita 40 kutoka kwenye bolti, na kipande kinachoishikilia kina upana wa sentimita 5. Pigo lolote kwenye ncha huifikia bolti likiwa limezidishwa mara nane. Kinga iliyofungwa mahali pamoja tu hugeuka kuwa nyundo ya kuvunjia kile ilichotakiwa kukilinda. Nimeona pikipiki ambayo kinga yake ilishikizwa kwa bolti ndogo za kifuniko cha injini chenyewe. Ilipoanguka, bomba halikupata hata mkwaruzo wa maana, lakini liling'oa kipande cha kifuniko likakichukua pamoja nalo. Kwa hiyo kila upande unatakiwa ushikwe angalau mahali pawili, na afadhali patatu, ambapo ni fremu yenyewe au zile bolti nene zinazoishikilia injini ndani ya fremu; na pande mbili ziunganishwe mbele, ili pigo la upande mmoja ligawanywe kwa pande zote mbili.

Kabla ya kushika spana tulivitandaza vyuma vyote juu ya gunia, tukahesabu bolti, washa na bushi, tukazilinganisha na karatasi ya maelezo. Kisha tuliiacha injini ipoe kwa saa nzima, maana bomba la moshi lipo pale pale ambapo mikono itafanya kazi. Tuliisimamisha pikipiki wima, tukaizuia kwa vipande vya mbao na kamba mbili zilizofungwa katika nguzo za karakana, isije ikatuangukia. Halafu tulisafisha mahali pote pa kufungia kwa brashi na mafuta ya taa. Tope likibaki chini ya kipande cha chuma, bolti hubana tope, na tope likikauka na kumwagika bolti hubaki imelegea.

Hapo ikaja kazi inayotaka uangalifu mkubwa kuliko zote. Katika pikipiki hii kinga hushikwa pamoja na bolti za injini, kwa hiyo bolti ya zamani hutolewa na nyingine ndefu zaidi huingizwa. Bolti hizo ndizo zinazoibeba injini. Mtu akizitoa zote kwa mara moja, injini itashuka, matundu hayatakutana tena, na atashinda siku nzima akisukuma na kutukana. Sisi tuliweka jeki chini ya injini, na juu ya jeki tukaweka ubao ili chuma kisiitoboe alumini, tena mahali pagumu pasipo na bomba la moshi. Tuliipandisha jeki mpaka ikagusa tu na kuanza kuchukua uzito, si zaidi. Kisha tukatoa bolti moja, tukaingiza mpya, tukaikaza kidogo kwa mkono. Baada ya hapo ndipo tukaigusa ya pili.

Sheria ya tatu ni hii: usiikaze bolti yoyote mpaka zote zimeingia. Fundi mwenye haraka hukaza ya kwanza kwa nguvu, na akifika ya mwisho huona tundu liko kando kwa milimita nne. Hapo huchukua mtaimbo, huvuta, hulazimisha, na bolti ikiingia husema kazi imekwisha. Kumbe bomba limefungwa likiwa limejikunja kama upinde, na siku zote linavuta fremu na bolti, hata pikipiki ikiwa imelala nyumbani. Mtetemo wa injini ukiongezwa juu ya mvuto huo, chuma hupata ufa. Sisi tuliziingiza bolti zote kwa vidole, kila moja mizunguko mitatu au minne, kisha tukalitikisa bomba lijiweke lenyewe. Upande wa kushoto tuliona mwanya wa kama milimita tatu kati ya bomba na fremu. Hatukuuvuta. Tulitia washa mbili za unene huo, na mwanya ukaisha bila ugomvi.

Ndipo tukaanza kukaza kwa zamu, kidogo hapa na kidogo pale, kama mtu anavyofunga gurudumu la motokaa. Nguvu ya kukaza hupimwa kwa spana maalumu yenye alama, na kipimo chake huitwa niutoni-meta. Bolti ya kawaida ya chuma ya milimita 8, yenye alama 8.8 kichwani, hukazwa kwa karibu niutoni-meta 25. Ya milimita 10 hukazwa kwa karibu 50. Asiye na spana hiyo aweza kuelewa hivi: ukiwa na spana yenye mkono wa sentimita 25, kipimo cha kwanza ni sawa na kuivuta ncha yake kwa nguvu ya kuinua kilo 10, na cha pili kilo 20. Lakini bolti za injini zina vipimo vyao katika kitabu cha pikipiki, na hivyo ndivyo vya kufuatwa. Na bolti inayoingia katika alumini haitaki nguvu sawa na inayoingia katika nati ya chuma, kwa maana nyuzi za alumini hung'oka upesi. Wengi hudhani ya kuwa kukaza sana ni kukaza vizuri. Bolti iliyokazwa kupita kiasi imekwisha kuvutika ndani, nayo hungoja tu siku ya kukatika.

Kisha tulikagua mambo manne. Tuligeuza usukani mpaka mwisho wa kulia na mwisho wa kushoto, tukaona gurudumu na waya za breki havigusi bomba. Wawili wetu walikandamiza usukani kwa nguvu ili springi za mbele zishuke kabisa, kwa sababu kilicho mbali pikipiki inaposimama huweza kugusana inapoingia shimoni. Tulitazama kama rejeta inapata upepo bila kuzibwa. Mwisho tulijaribu kuifikia bolti ya kumwagia oili na chujio lake bila kuondoa kinga. Maana ikiwa ni lazima kuvua vyuma vyote kila oili inapobadilishwa, mwenyewe atachoka, na siku moja ataviacha vining'inie kwa bolti mbili.

Labda msomaji atasema, "Mimi sina fedha za kununua vyuma vilivyotengenezwa ng'ambo." Si lazima. Mafundi wa Katwe mjini Kampala, na wenzao wa jua kali nchini Kenya, wanaweza kupinda bomba na kuchomelea kinga nzuri. Ila yako mambo ya kuwaambia. Mwambie fundi atumie bomba, asitumie nondo nzima. Bomba ni jepesi, na likipigwa hupinda na kula sehemu ya pigo, hali nondo hulipeleka pigo lote kwenye bolti. Mwambie asichomelee chochote juu ya fremu, kwa sababu moto huilegeza chuma ya fremu pale pale inapohitaji nguvu. Na fremu ya alumini, kama ya pikipiki hii, haichomelewi kwa vijiti vya kawaida. Tena kinga ichomelewe ikiwa imetolewa katika pikipiki, mbali na tangi la petroli. Ikiwa ni lazima kuishikiza kidogo ikiwa mahali pake ili kupata kipimo, basi kwanza waya za betri zitolewe na tangi liondolewe.

Sasa nije kwenye vikanyagio vya mbele. Mtu anayekaa juu ya pikipiki kwa saa tano magoti yake yamekunjwa kwa pembe ile ile. Damu haiendi vizuri, goti huanza kuuma, nyonga hukakamaa, na akishuka hutembea kama mzee. Uchovu huo si wa miguu peke yake. Mtu anayeumwa goti hulifikiria goti, na anayelifikiria goti haifikirii barabara. Kunyosha miguu kwa dakika kumi humrudishia nguvu. Hiyo ndiyo faida yake, nayo ni faida ya kweli.

Mahali pa kuvifunga hapawezi kuandikwa kitabuni, kwa sababu miguu ya watu si sawa. Tulimwomba mwenye pikipiki akae kitini amevaa viatu vyake vya safari, na wawili wakaishikilia pikipiki wima. Akanyosha mguu mpaka goti likabaki limekunjika kidogo, maana goti lililonyoka kabisa hupokea kila tuta la barabara bila springi. Tukapiga alama ya chaki pale wayo ulipogusa bomba. Kisha tulichukua uzi, tukapima kutoka katikati ya kichwa cha fremu mpaka alama hiyo, tukauhamisha uzi ule ule upande wa pili, ili vikanyagio viwe sawa. Kikanyagio kimoja kikitangulia kwa sentimita tatu, nyonga hujipinda, na baada ya kilometa 200 mgongo utatoa taarifa.

Yako masharti matatu katika kuvifunga. La kwanza, kikanyagio kisishuke chini kuliko kile cha kawaida wala kisitokeze nje mno, kwa maana pikipiki hulala inapopiga kona, na kitu kigumu kikigusa lami huweza kuinyanyua pikipiki na kuitupa. La pili, kiwe cha kukunjika kuelekea juu na nyuma. Kikanyagio kisichokunjika, pikipiki ikianguka, ndicho kitakachotangulia kugusa ardhi, nacho kitalizungusha bomba na kuiharibu kinga yote. La tatu, kibano kilishike bomba lenyewe. Wengine huweka kipande cha mpira wa ndani wa gurudumu ili rangi isikwaruzwe. Mpira mnene huteleza, na kikanyagio huzunguka mtu anapokiwekea mguu. Rangi yaweza kupakwa tena. Tulipomaliza, mwalimu alivikanyaga kwa mkono wake na uzito wake wote kujaribu kama vitazunguka, havikuzunguka. Lakini alimwonya mwenye pikipiki asivisimamie kamwe kama anavyosimama juu ya vikanyagio vya kawaida, kwa kuwa viliwekwa kupumzisha mguu, si kumbeba mtu.

Na hapa ndipo penye jambo kubwa kuliko yote niliyoandika. Mguu ukiwa mbele hauko juu ya breki. Breki ya nyuma i chini ya mguu wa kulia, na gia i chini ya mguu wa kushoto. Mtu aliyenyosha miguu amebakiwa na breki ya mkono peke yake. Tufanye hesabu. Katika mwendo wa kilometa 80 kwa saa pikipiki hupita kiasi cha meta 22 kwa kila sekunde. Tuseme kuurudisha mguu na kuutafuta mkanyagio wa breki kunachukua nusu sekunde. Meta 11 zimekwisha kupita kabla breki hiyo haijaguswa. Katika mwendo wa kilometa 100 ni karibu meta 14. Pimeni meta 14 katika uwanja wetu wa mpira, kisha mfikirie mtoto anayevuka barabara akiwa mahali pa meta ya kumi. Ni kweli kwamba katika lami kavu breki ya mbele ndiyo yenye nguvu zaidi. Lakini juu ya changarawe au tope, mtu akiishika hiyo peke yake kwa ghafula, gurudumu la mbele huteleza naye huanguka. Tena miguu ikiwa mbele, mtu hawezi kujiinua kitini kupokea shimo, wala kuitawala pikipiki kwa magoti.

Kwa hiyo tulikaa na mgeni wetu tukaitazama ramani ya safari yake. Kutoka Kampala kupita Mukono na msitu wa Mabira mpaka Jinja, miguu ikae mahali pake. Huko kuna malori ya miwa, mabasi, na bodaboda zinazotokea kila upande. Kutoka Jinja kupita Tororo mpaka Malaba, vijiji na matuta ya barabarani ni vingi. Baada ya mpaka, barabara hupanda kwenda Eldoret na nyanda za juu, kisha hushuka Nakuru, na huko kuna kona na malori mazito. Ni baada ya Nairobi, barabara inaposhuka kupita Makindu na Mtito Andei kwenda Voi, ndipo penye sehemu ndefu zilizonyoka. Hata huko, tulikubaliana masharti: lami iwe kavu, barabara ionekane mbali, pasiwe na lori mbele wala linalokuja, pasiwe na kijiji, na macho yaangalie pembeni, maana huko ni nchi ya Tsavo na wanyama hawasomi alama za barabarani. Likikosekana sharti moja, miguu hurudi nyuma. Alicheka akasema, "Vijana, ninyi mmeniuzia kiti cha kupumzika kisha mmenikataza kukikalia." Lakini aliporudi alitueleza kwamba kwa safari nzima alivitumia labda saa mbili kwa jumla, na kwamba saa mbili hizo zilimfaa sana. Kinga nayo ilifanya kazi mara moja, pikipiki ilipomlalia katika mchanga wa kituo cha petroli. Bomba lilikwaruzwa, kifuniko hakikuguswa.

Neno moja zaidi juu ya matunzo. Baada ya kilometa 100 za kwanza bolti zote zikaguliwe tena, kwa sababu rangi mpya iliyo chini ya kichwa cha bolti hugandamizwa, na bolti hupoteza sehemu ya mbano wake. Baadaye zikaguliwe kila oili inapobadilishwa. Na kinga iliyokwisha kupinda kwa ajali isinyoshwe kwa nyundo ikarudishwa. Chuma kilichopinda na kunyoshwa kimekwisha kutumia nguvu yake.

Ndugu zangu, nimeandika haya si kwa ajili ya wenye pikipiki kubwa peke yao. Kila jioni katika barabara ya mbele ya shule yetu tunawaona vijana wa bodaboda, wengine wa umri wetu, wakipita na abiria wawili nyuma, miguu yao imeanikwa juu ya kinga kama mabwana wakubwa, na mikono yao imeshika usukani kwa vidole viwili. Wengi wetu hupanda pikipiki hizo tukienda likizo, na wengine wetu tutakuja kuziendesha ili tupate karo au riziki. Abiria naye ana ulimi. Si aibu kumgusa mwendeshaji begani na kumwambia, "Ndugu yangu, tafadhali rudisha miguu kwenye breki, mimi nataka kufika." Wengi watarudisha. Asiyetaka, mwombe asimame, umlipe alichokwisha kufanya, ungoje mwingine. Ajali haina kinga, wahenga walisema. Nao hawakuwa wakizungumza juu ya mabomba ya chuma, lakini mwenye pikipiki na alichukue neno hilo hivyo hivyo lilivyo.